Tuzo ya Pulitzer na Maji ya Malindi

Mwishoni mwa Februari 1934, kaskazi ikivuma na bahari ikiwa safi, alifika Malindi Mmarekani wa miaka 34 ambaye wiki chache nyuma alikuwa hoi kwa kuhara damu. Ernest Hemingway alikuwa ametoka kuwinda Tanganyika. Katikati ya safari hiyo ugonjwa ulimbana hata ikabidi achukuliwe kwa ndege ndogo kutoka Serengeti, apitishwe ubavuni mwa Kilimanjaro na kufikishwa Nairobi kutibiwa, kisha akarudi porini kumalizia alichokijia. Mlipaji alikuwa Gus Pfeiffer, ami yake mkewe Pauline, tajiri wa biashara ya dawa na manukato, aliyetoa dola 25,000. Wanyama alikuwa keshawapata. Sasa alitaka samaki.

Malindi ya siku hizo ilikuwa mji mdogo. Wenye amri walikuwa Waingereza, ingawa kwenye karatasi ukanda ule wa maili kumi ulibaki mali ya Sultani wa Zanzibar. Miaka 20 tu ilikuwa imepita tangu vita vya Wagiriama na serikali hiyo hiyo, kiongozi wao Mekatilili wa Menza akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Kisii. Walowezi wa bara walikuwa wameanza kuteremka kupunga upepo wa bahari, na baadhi yao walikuja na fimbo za kuvulia na mashua za injini. Hemingway aliandamana na Philip Percival, mwindaji wa Machakos aliyemwongoza porini, pamoja na mwindaji mwingine, Bror Blixen, na kijana tajiri wa Kimarekani, Alfred Vanderbilt. Wakakodi mashua.

Anayeyajua maji ya Malindi anajua walichokifuata. Ukivuka mwamba, mahali ambapo rangi ya bahari hugeuka ghafla kutoka kijani na kuwa buluu nzito, huko ndiko kuna nguru, jodari, fulusi na sulisuli. Fulusi akiwa ndani ya maji hung'aa dhahabu na kijani. Mtoe, mlaze juu ya mbao za mashua, na rangi ile itamkimbia mbele ya macho yako mpaka abaki wa majivu. Sulisuli yeye ana pezi la mgongoni kama tanga, na akishikwa na ndoana huruka juu ya maji akitikisa mdomo wake mrefu kujaribu kuitema. Mvuvi wa ngalawa humvua kwa mshipi wa mkononi, na kiganja chake huonyesha kazi hiyo. Wageni wa 1934 walikuwa na magurudumu ya kuzungushia kamba na watu wa kuwawekea chambo.

Machi Hemingway alipanda meli Mombasa kurudi kwao kupitia Ulaya. Aprili alipotua New York aliagiza mashua yake mwenyewe, Pilar, akitumia fedha za awali alizopewa na jarida la Esquire kwa makala ambazo alikuwa bado hajaziandika. Mwaka 1935 akatoa kitabu cha safari ile, *Green Hills of Africa*. Ndani yake karibu kila mtu amebandikwa jina la utani, Wazungu kwa weusi, lakini majina hayakulingana uzito. Percival ameitwa kwa jina la heshima, kama baba. Mwafrika mmoja mwonyesha njia amepewa jina la mwigizaji wa kale wa Kiingereza, kwa kejeli, kwa sababu mwandishi hakupendezwa na madoido yake. Jina lake halisi msomaji halipati.

Hapa na tuiache meli iende, tuangalie upande wa pili wa Pwani. Safari ile ikipangwa, Mombasa ilikuwa imekwisha kupata mwandishi wake mwenyewe wa magazeti. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui alianza kutoa *Sahifa* mwaka 1930, karatasi ya Kiswahili aliyoiandika kwa herufi za Kiarabu, kisha mwaka 1932 akaanzisha *Al-Islah*, gazeti la Kiswahili na Kiarabu. Aliwasema watu wake bila kuwaonea haya: uvivu, israfu za arusi, elimu iliyoachwa, ardhi iliyouzwa kwa fedha kidogo. Aliandika kwa sababu aliona jambo linaharibika na bado lina muda wa kutengenezwa. *Al-Islah* haikudumu sana, na Sheikh mwenyewe baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi alipofariki mwaka 1947. Gazeti lile halikuwa na tuzo ya kugombea. Nalitaja kwa sababu nitalirudia.

Tuzo ya magazeti iliyokuwa na jina kubwa kuliko zote ilikuwa Marekani, na aliyeiacha hakuwa mzaliwa wa Marekani. Joseph Pulitzer alizaliwa mwaka 1847 katika mji wa Makó, Hungaria. Alivuka bahari mwaka 1864 kwenda kupigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Wamarekani, Kiingereza chake kikiwa kibovu. Aliingia kazi ya uandishi kupitia gazeti la Kijerumani mjini St. Louis, akanunua gazeti lililofilisika mwaka 1878, na mwaka 1883 akanunua *New York World*. Huko New York alishindana na William Randolph Hearst kwa vichwa vya habari vya kutisha, picha na chumvi nyingi, mpaka uandishi wa aina hiyo ukapewa jina la rangi ya manjano. Tajiri huyo wa chumvi, aliyekuwa amepofuka na kila sauti ikimkera, ndiye aliyefariki ndani ya jahazi lake la starehe mwaka 1911 akiwa ameusia dola milioni 2 kwa Chuo Kikuu cha Columbia, zijengewe shule ya uandishi wa habari na sehemu yake itolewe tuzo kila mwaka. Watu husema alikuwa anatubu. Mimi naona alikuwa mfanyabiashara aliyejua kuwa jina husafishwa vizuri zaidi na fedha za wosia.

Tuzo za kwanza zilitolewa mwaka 1917. Ya uripoti ilikwenda kwa Herbert Bayard Swope wa *New York World*, gazeti la marehemu mwenyewe, kwa makala kutoka Ujerumani wakati wa vita. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, kijana wa miaka 18 aliajiriwa kama ripota wa gazeti la *Kansas City Star*, akafundishwa kuandika sentensi fupi na kuacha maneno ya kupamba. Huyo alikuwa Hemingway. Baadaye aliliandikia *Toronto Star* kutoka Ulaya na vita vya Wagiriki na Waturuki, na miaka ya 1937 na 1938 alituma habari kutoka vita vya Hispania. Alikuwa mtu wa magazeti kabla hajawa mtu wa vitabu, na hata alipokuwa wa vitabu aliendelea kula mkate wa majarida.

Tuzo za Pulitzer zina upande wa magazeti na upande wa vitabu, na kwa upande wa vitabu ndiko zilikomfikia Hemingway, tena kwa mlango mwembamba. Mwaka 1941 riwaya yake ya vita vya Hispania ilipendekezwa na bodi. Nicholas Murray Butler, rais wa Columbia, akakataa katakata. Aliiona inakiuka adabu. Wanabodi wakanyamaza, na mwaka huo riwaya haikupewa tuzo yoyote. Mtu mmoja mwenye cheo aliwazidi nguvu waliosoma kitabu. Wenye mabaraza ya tuzo hapa kwetu wasidhani jambo hilo ni geni.

Mwaka 1952 jarida la *Life* lilichapisha katika toleo moja hadithi yake nzima kuhusu mvuvi mzee wa Cuba anayepambana peke yake na samaki mkubwa kwa siku kadhaa, kisha papa wanamla samaki huyo njiani kurudi. Zaidi ya nakala milioni 5 ziliuzwa ndani ya siku mbili. Tarehe 4 Mei 1953 *The Old Man and the Sea* ilitangazwa mshindi wa Pulitzer, na fedha za tuzo zilikuwa dola 500. Asije mtu akadai kuwa mzee yule ni wa Malindi au Mayungu. Mbegu ya kisa ilikuwa tayari ndani ya makala ya Hemingway kwenye *Esquire* ya Aprili 1936, naye alikisikia Cuba. Lakini mvuvi yeyote wa kwetu akisomewa hadithi ile hatahitaji maelezo: mshipi unaokata kiganja, usiku wa baridi baharini, na papa wanaokula faida.

Miezi mitatu baada ya tuzo, Hemingway alirudi. Alishuka Mombasa Agosti 1953 na mkewe wa nne, Mary. Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari, Mau Mau wakiwa msituni na maelfu ya watu kizuizini, na watalii walikuwa wamepungua. Jarida la *Look* lilimpa fedha na mpigapicha. Alipiga kambi Kimana, chini ya Kilimanjaro, akapewa cheo cha heshima cha askari wa wanyamapori, akanyoa kichwa, akajifunza kutumia mkuki. Habari ambayo gazeti lolote la maana lingeitaka wakati huo ilikuwa Nyeri na Murang'a, si Kimana. Mshindi wa Pulitzer alikuwa nchini mwetu katika mwaka mzito kuliko yote ya ukoloni, na jarida lake lilitaka picha za chui.

Januari 1954 habari yenyewe ikamgeukia. Tarehe 23 ndege iliyokuwa ikimzungusha juu ya maporomoko ya Murchison, Uganda, iliwakwepa ndege wa angani, ikagonga waya wa simu wa zamani na kuanguka. Yeye, Mary na rubani Roy Marsh walilala usiku ule porini karibu na mto, tembo na viboko wakiwa jirani. Rubani wa ndege ya abiria iliyopita juu aliona mabaki, asione mtu. Asubuhi yake mashua ikawaokota na kuwapeleka Butiaba, kando ya Ziwa Albert, wakapanda ndege nyingine. Hiyo nayo ikashika moto ikiwa inaruka. Hemingway alivunja mlango kwa kichwa chake kutoka nje. Alipasuka fuvu, akaumia ini, figo na uti wa mgongo.

Wakati huo magazeti ya dunia yalikuwa yamekwisha kumzika. New York, London, Roma: taazia zilichapwa, maisha yakahesabiwa, sifa zikagawanywa. Siku mbili baada ya ajali ya kwanza alitokea mbele ya waandishi Entebbe, kafungwa bandeji, akifanya mzaha. Kisha alikaa kitandani Nairobi akizisoma taazia zake. Kosa lilitokana na rubani mmoja aliyeona kutoka juu na wahariri wengi waliotaka kuwahi. Watu wa Butiaba walikuwa wamemwona akitembea.

Februari akateremka tena Pwani, safari hii Shimoni, kusini mwa Mombasa, ambako kambi ya uvuvi ilikuwa imekwisha kulipiwa. Alikuwa hawezi kuvua sawasawa. Moto wa kichaka ulipozuka karibu na kambi alijitosa kusaidia kuuzima, akaanguka ndani yake, akaungua miguu, tumbo, midomo na mikono. Machi alipanda meli Mombasa kwenda Venice. Oktoba mwaka huo alipewa Nobel, asiweze kwenda Stockholm kuipokea. Watamu leo kuna hoteli inayoitwa Hemingways, na mashua za uvuvi wa michezo hurudi zikipeperusha vibendera kuonyesha sulisuli wangapi wamepatikana. Jina la mgeni limeshika mizizi kuliko la nahodha yeyote.

Baada yake Pulitzer ilirudi Afrika Mashariki mara kadhaa, nayo kila mara ilikuja na msiba. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa na watu 224 wakauawa. Mwaka 1999 shirika la Associated Press lilishinda kwa picha za siku hiyo, na miongoni mwa wapigapicha wake waliokuwa kwenye vifusi Nairobi walikuwamo Sayyid Azim na Khalil Senosi. Mwaka 2012 Jeffrey Gettleman wa *New York Times*, aliyekuwa na makao Nairobi, alishinda kwa habari za njaa na vita katika eneo letu. Mwaka 2025 Declan Walsh na wenzake wa gazeti hilo hilo walishinda kwa habari za vita vya Sudan.

Mfano unaoeleza mambo vizuri zaidi ni wa Westgate. Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013, magaidi waliingia katika jengo hilo la maduka Nairobi. Tyler Hicks wa *New York Times* alikuwa karibu, akaingia na kamera. Joseph Mathenge wa *The Standard* alikuwamo pia. Jengo moja, risasi zile zile, maiti zile zile sakafuni. Mwaka 2014 Hicks alipewa Pulitzer ya picha za habari za papo hapo. Mwaka huo huo, kwenye hafla ya Dar es Salaam, Mathenge alitangazwa Mwandishi Bora wa Afrika wa CNN na MultiChoice. *The Standard*, kwa taarifa ya wasomaji wa Pwani, lilizaliwa Mombasa mwaka 1902, likianzishwa na A. M. Jeevanjee. Picha za Mathenge zisingeweza kuingia Pulitzer hata zingekuwa bora mara kumi. Kanuni haiulizi uraia wa mwandishi. Inauliza kazi imetoka katika chombo cha Marekani au la.

Sioni dhuluma katika hilo. Wamarekani wana haki ya kutuza magazeti yao kwa fedha ya Pulitzer wao. Tatizo ni letu tunaposubiri kioo cha mwenzetu kituonyeshe sura yetu.

Kaunti ya Kilifi imewahi kujaa kamera. Tarehe 28 Novemba 2002 gari lililojaa mabomu lililipuka katika hoteli ya Paradise, Kikambala, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo wachezaji ngoma wa Kigiriama waliokuwa wakiwapokea wageni. Kamera zilikaa siku chache zikaondoka. Kisha ikaja Shakahola.

Paul Mackenzie alianzisha kanisa lake Malindi mwaka 2003. Mwaka 2017 alikamatwa kwa kuwafundisha watoto waache shule, na kesi hiyo iliripotiwa. Mwaka 2019 akakamatwa tena, akafunga kanisa, akahamia na wafuasi msitu wa Shakahola, ndani ya eneo la Chakama. Machi 2023 alishikwa kwa sababu ya watoto wawili waliodaiwa kufa njaa na kuzikwa humo. Akaachiliwa kwa dhamana. Aprili mwaka huo ufukuaji ulianza, na haukukoma hadi miili ilipopita 400. Wengi walikuwa wamekufa kwa njaa, wengine kwa kunyongwa, na watoto walikuwa wengi. Mackenzie na wenzake wamekana mashtaka.

Dunia nzima ilikuja. Chumba cha maiti cha hospitali ya Malindi kilijaa, yakaletwa makontena ya baridi. Nje, Shirika la Msalaba Mwekundu liliweka meza ya kuandikisha waliopotea, na jamaa walipanga foleni wakiwa na picha za pasipoti za watoto wao, wakisubiri kuchukuliwa mate ya kupimia vinasaba. Miili ya kwanza ilikabidhiwa Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Siku hiyo magari ya matangazo ya kigeni hayakuwa mengi. Na Agosti 2025, makaburi mengine yalipofukuliwa Kwa Binzaro, katika Chakama hiyo hiyo, na miili zaidi ya 30 ikatolewa, wageni walikuwa wachache zaidi.

Waliokuwapo tangu kesi ya 2017 hadi Kwa Binzaro ni waandishi wa Malindi na Kilifi: wale wanaoenda mahakamani kwa bodaboda, wanaolipwa kwa kila habari iliyochapwa na si kwa iliyoandikwa, na ambao habari yao ikiwa kubwa hutumiwa mtu kutoka makao makuu aje kuisimamia. Pulitzer ina nishani moja tu ya dhahabu, na hupewa chombo cha habari kwa utumishi kwa umma: nionavyo mimi, kwa kuanika uovu wakati watu wanaweza bado kuokolewa. Wengine wote hupewa cheti na fedha. Mzee Pulitzer, pamoja na chumvi yake, hapo alilenga palepale alipolenga Sheikh al-Amin na *Al-Islah* yake.

Kenya ina tuzo zake. Baraza la Vyombo vya Habari limekuwa likitoa tuzo za AJEA tangu 2012, na ni jambo la kushukuru. Ombi langu kwao ni hili: wekeni tuzo ya habari iliyowahi, ile ya aya nne kutoka mahakama ya Malindi ambayo, kama ingefuatiliwa, ingeokoa watu. Na wahariri wa Nairobi wasisubiri hafla. Mwandishi wa Kilifi akileta habari, jina lake liwekwe juu, la kwanza, na malipo yake yafike mwezi huo huo.